Bi Mwiko na Jiko la Upepo

Jina la Bi Mwiko alipewa na wanafunzi, na halikumtoka tena. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono minene na sauti ya kufukuzia paka. Sufuria zake mtu mzima angeweza kuoga ndani. Wali aliugeuza kwa koleo, ndiyo, koleo la kuchotea mchanga, ila hilo lilikuwa la jikoni tangu lilipotoka dukani na ole wake mtunza bustani aliyelitazama mara mbili. Kukadiria kwa kiganja chumvi ya watu mia tatu hakukumpa taabu yoyote. Mpe watu wawili awapikie, hapo ndipo alipoanza kujikuna kichwa.

Na wapishi wa kazi ile wana tabia yao. Hawaoni watu wakila. Chakula kinapita dirishani, kinaingia ukumbini, mpishi anabaki nyuma ya ukuta na moshi wake. Habari anazipata sahani zinaporudi. Zikirudi tupu, amepika. Zikirudi na mabaki, siku imeharibika, na wasaidizi wakae naye mbali. Hata nyumbani Bi Mwiko alikuwa hivyohivyo. Alimwekea mumewe sahani, akageuka, akarudi jikoni kwake, kwa sababu kumkodolea macho mtu anayetafuna aliona ni kukosa adabu, ni kama kumhesabia matonge. Mumewe alishazoea. Akimaliza aliibeba sahani mwenyewe hadi mlango wa jikoni, akaipitisha kwa mkono mmoja kama mwanafunzi dirishani, akasema, “Bi Mwiko, nimeshiba.” Huo ulikuwa utani wao tangu ujana, na hakuna aliyewahi kuuchoka.

Mume mwenyewe alikuwa fundi viatu. Mtu mrefu, mpole, asiye na makuu, aliyefanyia kazi barazani kwake na kuongea na viatu zaidi kuliko na wateja. Kisha tumbo likamsumbua, likamsumbua sana, akafanyiwa upasuaji. Alipotoka hospitali, daktari hakupindisha maneno. Mafuta asiyaguse. Lakini ale, ale kweli, mwili upate nguvu, ndipo matibabu yanayofuata yaanze. Asipokula, dawa zile hazitakuwa na pa kushika.

Basi Bi Mwiko akafunga kanga kiunoni. Viazi vya kuchemsha. Kuku wa kuchemsha. Samaki wa kuchemsha aliyelala ndani ya maji yake kama aliyezama. Sahani zikaanza kurudi zimejaa. Hazikuwa na mabaki, zilikuwa na chakula kizima, kilichosukumwa kidogo pembeni kwa heshima. Mwanamke ambaye alilisha kizazi baada ya kizazi cha watoto wakorofi hakuwahi kutazama sahani namna ile bila kumtafuta mwenye makosa, na mwenye makosa alimpata upesi: ni chakula.

“Hata mimi nisingekula,” alimwambia binti yao. “Baba yako anapenda viazi vikauke nje, vilie ukivitafuna. Hivi si viazi, hii ni sabuni.”

Binti yao alikuwa msusi, na saluni kila dawa ya dunia inapatikana. Mteja mmoja alikuwa amemweleza. “Mama, siku hizi kuna majiko yanakaanga kwa upepo.”

“Upepo unakausha nguo, mwanangu. Haukaangi viazi.”

“Upepo wa moto, mama. Mafuta unaweka kijiko kimoja, au usiweke kabisa. Vinatoka vimekauka vilevile.”

Bi Mwiko alicheka, lakini alilala na maneno yale, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuulizia. Binti akamwekea video kwenye simu. Huko ndiko alikopotelea. Kila video ilikuwa na mikono yenye kucha zilizopakwa rangi, jikoni peupe pee, na jiko ambalo ni bora kuliko majiko yote. Mmoja alisema usinunue lenye droo, mwingine akasema usithubutu kununua lenye mlango. Huyu anasifia lita, yule anasifia wati, wa tatu anabanika kuku mzima huku anacheza muziki. Bi Mwiko alitazama mpaka macho yakamwasha, na hakuona hata mmoja aliyeunguza kitu. Jambo hilo pekee lilimtia wasiwasi.

“Watu hawa waongo,” alisema. “Twende dukani nikaliguse.”

Duka la vyombo vya umeme lilikuwa limepanga majiko ya upepo ukuta mzima, madogo chini, makubwa juu, yote yakiwaka taa za buluu kana kwamba yanamsubiri yeye. Bi Mwiko aliyagonga kwa vifundo vya vidole, moja baada ya jingine, vile alivyozoea kugonga sufuria mpya shuleni. Alifungua milango, akaingiza kichwa, akanusa. Alivuta droo zikatoka, akazipima uzito mkononi. Muuzaji, mwanamke kijana mwenye fulana ya duka na tabasamu la tangu asubuhi, akasogea.

“Karibu mama. Hili linauzika sana. Lita tano.”

“Hili ni la kupikia wanasesere?”

“Linatosha watu wanne, mama.”

“Watu wanne ni wale wanaonionjea chumvi.”

Binti alimfinya mkono, lakini muuzaji alicheka kweli, akawapeleka kwenye makubwa. Akafungua moja, akaanza kulimwagia sifa bila kuvuta pumzi: linakaanga, linaoka, linabanika, linapasha chakula, linakausha matunda, linaumua unga, lina hiki, lina kile.

“Linaosha vyombo?”

“Hapana, mama.”

“Basi bado halijafika kwangu.”

Alitania, lakini mwenyewe alijua anajichelewesha. Kadiri muuzaji alivyozidi kueleza, ndivyo Bi Mwiko alivyozidi kutojua. Maisha yake yote alichagua vyombo kwa kujua nani anakula na kwa wingi gani, na jiko la kuni halikuwa na kitufe hata kimoja. Sasa alikuwa amesimama mbele ya vioo vyenye vijipicha vya samaki, pizza na tone la maji, kila kijipicha kikimtaka aseme anataka nini. Alichotaka hakikuwa na kijipicha. Akamgeukia muuzaji, akashusha sauti.

“Niambie ukweli, mwanangu. Mtu asiye na hamu ya kula, hili litamfanya ale?”

Muuzaji hakuwa mtu mbaya. Alisita, ilionekana wazi kwamba alisita. Lakini alikuwa kazini, na kazi yake ilikuwa kusema ndiyo.

“Atakula, mama. Chakula kikitoka humu mtu hawezi kukikataa.”

Bi Mwiko akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kuanzia hapo hakuuliza tena kama anunue, aliuliza tu anunue lipi.

Yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa la droo, dogo, imara, lenye vitufe viwili vya kuzungusha, na mtu yeyote mwenye akili angelichagua. Binti alilichagua. La pili lilikuwa oveni hasa, pana, lenye mlango wa kioo na taa ndani, trei tatu na chuma cha kuzungushia kuku. Lilikuwa kubwa mno kwa jikoni kwao, na kwa watu wawili lilikuwa kichekesho.

“Hili,” alisema Bi Mwiko, akiweka mkono juu ya oveni.

“Mama, mko wawili.”

“Tuko wawili wazima.”

Binti alijua sababu, maana alikulia katika nyumba za wafanyakazi pale shuleni. Kwenye jiko la bweni kulikuwa na kisufuria kimoja kidogo, kimetengwa, na kiliwekwa motoni pale tu mwanafunzi alipolazwa chumba cha wagonjwa. Uji wake ulipikwa humo peke yake. Wasaidizi wakikiona kisufuria kile juu ya moto, waliuliza kwa sauti ya chini, “Nani tena?” Bi Mwiko hakuwa tayari kuingiza kisufuria cha mgonjwa nyumbani kwake na kulipia juu yake. Mtu mzima hupikiwa kwenye chombo kikubwa. Ndivyo alivyojua, na hakuna mwenye lita tano ambaye angembadilisha mawazo.

Nyumbani oveni ilichukua nusu ya meza. Tundu la umeme jikoni lilikuwa moja, kwa hiyo jokofu lilichomolewa ili jiko lipate kula, na likapigwa marufuku kufunguliwa mpaka mapishi yaishe. Kitabu cha maelekezo kilisema liwashwe kwanza likiwa tupu.

“Nimepika kila kitu,” Bi Mwiko alimwambia mumewe, “lakini kupika hewa, hiyo ndiyo mara ya kwanza.”

“Usisahau chumvi,” fundi viatu alisema.

Wote wawili wakacheka, mzee akiwa ameshika tumbo. Kisha harufu ya plastiki mpya ikatanda, na mzee akatoka kwenda barazani haraka, uso umemgeuka rangi. Bi Mwiko akafungua madirisha yote, akapepea kwa sinia, akijilaumu kana kwamba ni yeye aliyelitengeneza lile jiko.

Viazi vya kwanza vilikuwa aibu. Alimenya karai zima, akajaza trei zote, akavisonga kama wanafunzi kwenye mstari; vya juu vikaungua, vya chini vikabaki vyeupe na vya katikati vikalia machozi. Hakumwita mtu. Alivificha, akaanza upya, safari hii vichache, vimetandazwa, akivigeuza na kuvibadilisha trei. Fundi viatu alivuta kigoda akakaa mbele ya kioo, akitazama vinavyobadilika rangi chini ya ile taa ndogo.

“Kama sinema,” alisema.

Vikatoka vya dhahabu. Ukivitikisa, vinalia. Bi Mwiko akachagua vizuri zaidi, akaviweka sahani, akamchukulia chumbani alikopenda kulia siku hizi, kwa sababu kuketi mezani kulimchosha. Akaiweka kwenye stuli kando ya kitanda. Akageuka. Akarudi jikoni, akaanza kusugua trei ambazo hazikuwa chafu.

Mlango ukasogea. Mkono mmoja mrefu ukapenya, na mkononi sahani. Tupu. Hata chembe haikubaki.

“Bi Mwiko, nimeshiba.”

Aliipokea, akaligeukia beseni la kuoshea, akakaa hapo mgongo ukiwa kwake muda mrefu kuliko sahani moja inavyohitaji. Alilia, kwa nini tufiche? Alilia kwa furaha, na akampigia binti simu akiwa bado na povu mikononi.

Baada ya hapo hapakukalika. Kila siku jiko lilikuwa na lake: samaki aliyekauka ngozi, kuku wa kuzungushwa, matofaa yaliyokatwa miviringo. Aliwatumia majirani ziada, nao wakaanza kumsalimia mapema kuliko kawaida. Na kila siku sahani ilirudi safi. Bi Mwiko akaanza kuota pembe. Alimwambia binti awaeleze wateja wote saluni. Alisema madaktari wanajua kukata tu, kulisha waachie wenyewe.

Asubuhi moja alimkuta mumewe barazani ameuweka mkanda wake wa suruali kwenye kibao, anatoboa tundu jipya kwa msharasi. Lilikuwa mbali na lile la zamani.

“Kwani umepungua tena?”

“Ngozi za siku hizi,” alisema bila kuinua macho. “Zinavutika.”

Akaamini. Yeye, aliyeweza kukutazama ukiwa mstarini akajua utarudi kuomba nyongeza, aliamini kwamba mkanda ndio ulioongezeka.

Kliniki mzani ulisema jambo jingine. Daktari aliutazama, akamtazama mzee, akamwomba ashuke na apande tena.

“Anakula?”

“Anasafisha sahani, daktari,” Bi Mwiko alijibu kwa fahari. “Kila siku.”

“Umemwona akila?”

Swali hilo lilimkera. “Sahani zinarudi tupu.”

Fundi viatu alikuwa anatazama kiatu cha daktari, soli yake, namna ilivyolika upande mmoja. Daktari naye akasema tutaona mara nyingine, akaandika, wakarudi nyumbani, na njia nzima Bi Mwiko ndiye aliyezungumza.

Siku ya kubadilisha mashuka akasukuma kitanda, na harufu ikampiga usoni. Chini ya kitanda, upande wa mumewe, kulikuwa na jozi ya mabuti makubwa ambayo mteja aliyaleta kutengenezwa akatokomea. Bi Mwiko aliinua moja. Lilikuwa zito. Ndani mlijaa vifurushi vya magazeti, vimekunjwa vizuri, pembe zimefungwa kwa ndani, vile fundi anavyofunga viatu vya mteja vilivyokwisha. Akafungua kimoja. Viazi. Akafungua kingine. Kuku. Cha tatu kilikuwa samaki, naye alishaharibika.

Kila kipande kilikuwa kimeumwa. Kila kipande, mara moja.

Hasira ilimpanda kwanza. Hasira kwa jiko, kwa muuzaji mwenye tabasamu, kwa wale wenye kucha za rangi, na kwa huyu mwanamume aliyemwacha ajisifu mtaa mzima kama mwendawazimu. Alitoka na buti mkononi, amefika mlango wa barazani, maneno yamejaa mdomoni. Kupitia pazia alimwona. Mzee alikuwa amesinzia juani, kiatu cha mtoto mapajani, sindano bado ina uzi. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Bila shaka mwanzoni alivibeba vifurushi vile mwenyewe hadi jalalani, mkewe alipokwenda sokoni. Siku hizi miguu haikumfikisha tena, ndiyo maana vilikuwa vimejaa. Bi Mwiko aliona yote hayo kwa mara moja, akakaa chini palepale kwenye sakafu, nyuma ya pazia, amepakata buti.

Kesho yake alikwenda kwa daktari peke yake. Alimweleza kila kitu, hata mabuti.

“Mama, kosa si lako,” daktari alisema. “Wala si la jiko. Hamu imemwisha, na njia ya chakula yenyewe imezidi kubana. Umpikie nini, hakitashuka.”

“Basi nimpe nini?”

“Uji mwepesi. Vijiko viwili, vitatu, akitaka mwenyewe. Usimlazimishe.”

“Na yale matibabu?”

Daktari alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. “Mwili wake hauwezi kuyabeba tena, mama. Kilichobaki ni asipate maumivu, na awe nyumbani.”

Bi Mwiko alikuwa na maswali mengi. Alitaka kuuliza kuhusu mchuzi wa mifupa, maziwa, mayai, kuhusu kusaga, kuhusu kuchuja. Mikono yake ilikuwa juu ya meza ya daktari, mikono iliyoweza kunyanyua sufuria ya maharage ya bweni zima bila kuomba msaada. Aliitazama, hakujua aiweke wapi. Akaaga.

Alipika uji mwepesi, akampelekea kwenye kikombe. “Nimejipikia mwenyewe, nionjee kama una sukari.” Fundi viatu akanywa vijiko viwili, akasema sukari inatosha. Kisha akatazama mlango wa jikoni, na usoni mwake mkapita woga, woga wa mtoto anayehisi amegunduliwa.

“Leo hakuna viazi?”

Ulimi wa Bi Mwiko ulikuwa na majibu mengi. Angeweza kumwambia, mzee wangu, najua, pumzika. Alifikiri hayo wakati wote wa njia kutoka kliniki. Lakini macho yale yalikuwa yanamwomba, na alichokuwa anaomba kilikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho cha kumpa mkewe.

“Vipo,” alisema. “Vinakuja.”

Akachomoa jokofu, akawasha oveni. Alimenya, akakata, akatandaza, akavigeuza, akabadilisha trei, hakuruka hatua. Vilitoka vizuri kuliko siku zote. Akapakua, akapeleka chumbani, akaweka juu ya stuli, akageuka. Alipofika jikoni alifungua bomba hadi mwisho, maji yakapiga kelele kwenye beseni, asije akasikia gazeti likikunjwa.

Mlango ukasogea. Sahani iliulemea mkono, ikabidi Bi Mwiko asogee aipokee mapema.

“Bi Mwiko, nimeshiba.”

“Nimeona, mzee wangu. Umeila yote.”

Fundi viatu akatabasamu, akajikokota kurudi barazani, akashika ukuta. Bi Mwiko alisubiri mpaka akasikia kiti kikilia. Kisha akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akavuta mabuti. Alitoa vifurushi vyote, akavitia kwenye mfuko, akaupeleka jalalani kwa mlango wa nyuma. Akarudi na kitambaa kibichi, akayafuta mabuti kwa ndani mpaka kwenye vidole, akayakausha na kingine. Akayarudisha chini ya kitanda, upande wa mumewe, safari hii karibu zaidi, ili asilazimike kuinama sana.